Kanuni ya mfuatano inapogoma: dalili, chanzo na namna ya kuinyoosha

Nafundisha tuisheni ya hisabati Temeke, jioni, kwenye kibaraza chenye ubao mmoja. Mada ya mifuatano ya namba, ile ya Kidato cha Tatu, ndiyo inayoniletea wanafunzi wengi, na malalamiko yao ni yaleyale kila mwaka. Anayetoka Mbagala na anayetoka Tandika hawajuani, lakini madaftari yao yana kosa moja. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kwa sababu aliyekwama hajui jina la ugonjwa wake, anajua tu panapomuuma. Tafuta dalili yako, anza na chanzo kilichotajwa kwanza, maana ndicho ninachokikuta mara nyingi zaidi, na usishuke kwenye kinachofuata kabla hujakimaliza hicho.

Kwanza tuandae meza. Andika mstari wa nafasi: 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Chini yake andika namba iliyokaa kwenye kila nafasi. Chini yake tena andika tofauti: kila namba, toa iliyoitangulia. Kisha jiulize namba hizi zimetoka wapi. Ni nguzo za fensi, ni mkopo, ni rundo la machungwa, au ni namba tupu za mtihani? Swali hili wengi hulipita, nami nitalirudia mpaka mwisho. Herufi n humu ndani ni nafasi, na kanuni ni njia ya kuipata namba ya nafasi ya n bila kuhesabu zote zilizotangulia.

Dalili ya 1: Namba ni za kweli, lakini zimehama nafasi

"Mwalimu, kanuni yangu inatoa 8, 11, 14, na zote zimo kwenye mfuatano. Kwa nini nimekosa?" Hili ndilo kosa namba moja, kwa mbali. Mfuatano ni 5, 8, 11, 14. Tofauti ni 3, mwanafunzi anaandika 5 + 3n. Weka n = 1: unapata 8. Lakini nafasi ya kwanza imekaliwa na 5.

Kipimo cha kwanza hakichukui hata dakika: weka n = 1 na utazame umeangukia wapi. Mahali ulipoangukia panataja kosa lenyewe.

Ukiangukia namba ya pili, umesahau kwamba kufika nafasi ya n unapiga hatua n − 1, si n. Ukiwa nafasi ya kwanza hujapiga hatua yoyote. Kwa hiyo ni 5 + 3(n − 1), yaani 3n + 2.

Ukiangukia namba ya tatu, kosa liko kwenye ishara ulipofungua mabano. Chukua 20, 17, 14, 11. Kanuni ni 20 − 3(n − 1). Mwanafunzi anafungua na kupata 20 − 3n − 3, yaani 17 − 3n, na kwa n = 1 anapata 14. Hasi mara hasi ni chanya: 20 − 3n + 3, kwa hiyo 23 − 3n. Kila ninapoona daftari limeruka hatua mbili, nakwenda moja kwa moja kwenye mabano, na mara nyingi sana nalikuta hapo.

Ukiangukia hatua moja kabla ya mwanzo, yaani kanuni inatoa 2 wakati mfuatano unaanza na 5, umeitoa ile 1 mara mbili. Hili ni nadra. Huwapata waliofundishwa njia ya "nafasi ya sifuri", ambayo mimi naipenda kuliko zote: rudi hatua moja nyuma ya namba ya kwanza (5 − 3 = 2), kisha andika 3n + 2, basi. Anayerudi nyuma halafu bado akaandika 2 + 3(n − 1) amerudi mara mbili.

Nataka mwanafunzi aelewe kwa nini kosa hili ni la kila mtu, asijione mjinga. Tazama siku zetu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: mosi, pili, tatu, nne, tano. Siku inayofuata ya tano tunaiita Alhamisi, na neno hilo kwa Kiarabu nalo ni "ya tano". Tuna siku mbili za tano zimekaa jirani, kwa sababu hesabu moja inaanza Jumamosi na nyingine inaanza Jumapili. Hakuna aliyekosea. Mianzo miwili tofauti imewekwa kwenye kalenda moja, na ndicho kinachotokea daftarini mwako.

Kwa sababu hiyohiyo, kuna wakati 5 + 3n ndiyo sahihi. Kibubu chako kina shilingi 20,000 leo na kila wiki unaongeza 5,000. Mwisho wa wiki ya n kina 20,000 + 5,000n, kwa sababu leo ni wiki ya sifuri. Wiki ya 10 unakuta 70,000. Usikariri "n kutoa moja" kama dua. Uliza namba ya kwanza imekaa nafasi gani.

Kuna sura nyingine ya dalili hii, inayojitokeza swali linapouliza zipo namba ngapi. Kutoka 5 hadi 302 kwa hatua za 3: mwanafunzi anafanya (302 − 5) ÷ 3 na kuandika 99. Hizo ni hatua. Namba ni 100. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena nje ya daftari: nilimkadiria jirani yangu nguzo za upande mmoja wa kiwanja, mita 60, nguzo kila mita 3, nikamwambia 20. Fundi alifika kona ya mwisho jioni hana nguzo, na duka la vifaa limeshafungwa. Nafasi ni 20, nguzo ni 21. (Ukizungushia kiwanja chote hadi kurudi ulipoanzia, nafasi 20 zinatosheka na nguzo 20, maana ya mwisho ndiyo ya kwanza.)

Dalili ya 2: Inakubali namba mbili za mwanzo, ya tatu inakataa

Chanzo ni kimoja tu, haraka. Ulitazama namba mbili ukaamua. Namba 3 na 6 zinaweza kuwa mwanzo wa 3, 6, 9 (kanuni 3n), au wa 3, 6, 12 (kanuni 3 × 2ⁿ⁻¹), au wa 3, 6, 11, 18 (kanuni n² + 2). Zote tatu ni halali.

Dawa: ijenge kanuni kwa namba za mwanzo, lakini ijaribu kwa namba ya mwisho uliyopewa, ambayo hukuitumia kuijenga. Kanuni inayokubali namba zilezile zilizoizaa haijathibitisha lolote.

Dalili ya 3: Tofauti hazilingani

Usikate tamaa na usifute. Tofauti zisizolingana ni habari, na meza ya tofauti ndicho chombo kizuri kuliko vyote utakavyopata katika mada hii.

Chanzo cha kawaida ni kwamba mfuatano una n² ndani yake. Chukua 4, 9, 18, 31, 48. Tofauti za kwanza ni 5, 9, 13, 17. Hazilingani. Toa tena: 4, 4, 4. Zimetulia. Tofauti za pili zikitulia, kuna mraba.

Sasa ni mraba mara ngapi? Hapa ndipo kosa la pili kwa wingi linapotokea. Mwanafunzi anaona 4 na kuandika 4n². Lakini tazama mraba mtupu, 1, 4, 9, 16: tofauti zake ni 3, 5, 7, na tofauti za pili ni 2, 2. Kila n² moja huleta 2. Kwa hiyo 4 zimeletwa na n² mbili, na mwanzo wa kanuni ni 2n². Nusu ya tofauti ya pili, daima.

Kisha chuja. Kutoka kila namba toa 2n² yake, yaani 2, 8, 18, 32, 50. Kinachobaki ni 2, 1, 0, −1, −2. Huo ni mfuatano wa kushuka moja moja, yaani 3 − n. Kanuni nzima ni 2n² − n + 3. Jaribu namba ya tano: 50 − 5 + 3 = 48. Imekubali. Kama mabaki yako hayajatulia kuwa ya hatua sawa, kwanza angalia kama ulichukua nusu.

Napendelea kuchuja kuliko kuandika milinganyo mitatu yenye a, b na c. Milinganyo inafika pia, lakini mwanafunzi akikosea ishara moja hajui amekosea wapi. Kwenye kuchuja, mabaki yenyewe yanamwonyesha.

Chanzo cha pili ni kosa la kunakili. Hili hujificha sana, lakini lina alama yake ya kipekee. Andika mfuatano uleule kwa urefu zaidi, ila namba ya nne iwe imenakiliwa vibaya, 32 badala ya 31: 4, 9, 18, 32, 48, 69, 94. Tofauti za kwanza: 5, 9, 14, 16, 21, 25. Za pili: 4, 5, 2, 5, 4. Tazama katikati: imezidi moja, imepungua mbili, imezidi moja. Ukiona umbo hilo, namba iliyokosewa ni ile ya katikati ya vurugu, na imekosewa kwa moja. Rudi kwenye swali uisome upya. Watu waliokuwa wakitengeneza majedwali ya hesabu kwa mkono walikamata makosa yao kwa njia hii, na mashine ambayo Charles Babbage wa Uingereza alianza kuisanifu miaka ya 1820 ilikuwa ya kutengeneza majedwali kwa kujumlisha tofauti tu, bila kuzidisha popote. Meza unayoichora daftarini ni mashine hiyo kwa penseli.

Chanzo cha tatu ni n³. Ukisikia "namba za piramidi" ujue uko hapa. Nenda Soko la Temeke Stereo utazame machungwa yanavyopangwa: moja juu, chini yake manne, chini yake tisa, chini yake kumi na sita. Jumla za rundo zinakwenda 1, 5, 14, 30, 55. Tofauti za kwanza ni 4, 9, 16, 25. Simama hapo kidogo kabla ya kuendelea kutoa, maana tofauti zenyewe ndizo tabaka za machungwa! Ukitoa tena unapata 5, 7, 9, na tena 2, 2. Tofauti za tatu zimetulia, na kila n³ moja huleta 6, kwa hiyo hapa kuna theluthi moja ya n³. Ukichuja mpaka mwisho unapata n(n + 1)(2n + 1) ÷ 6. Rundo lenye sita kwa sita chini ni 6 × 7 × 13 ÷ 6, machungwa 91. Nilimwuliza muuzaji mmoja, "Kaka, ukianza na sita kwa sita, yanakwenda mangapi?" Akajibu bila kugeuka, "Tisini na moja, mwalimu." Hana kanuni, ana miaka ya kupanga. Namba zikiwa na chimbuko, mtu wa chimbuko hilo anaweza kukuhakikishia jibu.

Hapa simama: ukiwa na namba tano tu na umeshafika tofauti za nne, acha. Mstari huo una namba moja peke yake, na namba moja haiwezi kutolingana na yenyewe. Hapo hakuna kilichotulia, meza tu imeisha. Nataka kuona angalau namba tatu zinazolingana kabla sijaamini kwamba mstari umetulia. Mbili nazikubali kama najua namba zimetoka wapi, kama yale machungwa. Kama hazipo, omba namba zaidi au nenda dalili inayofuata.

Dalili ya 4: Tofauti hazichoki, zinakua tu

Unatoa, unatoa tena, na namba haziishi kukua. Pengine tofauti zinafanana na mfuatano wenyewe. Acha kutoa, anza kugawanya: kila namba kwa iliyoitangulia.

Gawio likilingana, kazi imekwisha. 5, 15, 45, 135 inazidishwa kwa 3, kwa hiyo ni 5 × 3ⁿ⁻¹. Kosa linalonisumbua hapa ni mwanafunzi kuzidisha 5 na 3 kwanza na kuandika 15ⁿ⁻¹. Kipeo ni cha 3 peke yake. Ile 5 haikuzidishwa kila hatua, ilikuwa mwanzo tu.

Gawio likikaribia kulingana lakini lisifike, kuna namba iliyofichwa. 3, 7, 15, 31, 63: gawio ni kama 2.33, 2.14, 2.07, 2.03. Linaisogelea 2. Sasa tofauti zinasaidia: 4, 8, 16, 32, kila moja mara mbili ya nyingine. Linganisha mfuatano na vipeo vya 2, yaani 4, 8, 16, 32, 64, na utaona kila namba imepungukiwa 1. Kanuni ni 2ⁿ⁺¹ − 1. Jaribu mwenyewe 4, 10, 28, 82 kabla ya kusoma mbele: tofauti 6, 18, 54 zinazidishwa kwa 3, na kila namba imezidi kipeo cha 3 kwa 1. Ni 3ⁿ + 1.

Gawio likipanda 2, 3, 4, 5, kama kwenye 1, 2, 6, 24, 120, basi namba ya nafasi ya n ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi n. Hakuna cha kuchuja.

Mwisho kuna 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13. Toa: 0, 1, 1, 2, 3, 5. Mfuatano umerudi mwenyewe, umechelewa tu. Huu ni wa Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeuandika mwaka 1202 kwa mfano wa sungura. Huyu alijifunza tarakimu tunazotumia leo akiwa kijana huko Bejaia, Algeria, baba yake alikokuwa akifanya kazi. Afrika ina sehemu yake katika habari hii na napenda wanafunzi wangu walijue hilo. Kanuni ya moja kwa moja ipo, imebeba jina la Binet wa Ufaransa aliyeichapisha mwaka 1843, lakini ina kipeuo cha pili cha 5 ndani yake. Kwa Kidato cha Tatu simama hapo: eleza kwamba kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, uendelee na swali lingine.

Onyo la dalili hii ni la maisha na si la mtihani. Mkopo wa shilingi 100,000 wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi juu ya salio, usipolipa chochote, unakwenda 110,000, kisha 121,000, kisha 133,100. Anayetazama namba mbili za mwanzo anaona nyongeza ya 10,000 na kukadiria kwamba baada ya miezi 12 atadaiwa 220,000. Gawanya badala ya kutoa: kila mwezi ni mara 1.1, na baada ya miezi 12 deni ni kama 313,843. Pengo ni zaidi ya shilingi 93,000. Usisaini mkopo kwa kanuni uliyoijenga mwenyewe kutoka namba mbili za kwenye karatasi. Mwambie ofisa wa mikopo aandike jedwali lote la malipo, mwezi kwa mwezi, na ulilinganishe na gawio ulilolipata. Zisipolingana, usisaini mpaka umpate mtu wa hesabu za fedha akusomee mkataba.

Dalili ya 5: Namba zinapanda na kushuka

Kama ni ishara tu inayobadilika, −2, 4, −6, 8, ondoa ishara, tafuta kanuni ya 2, 4, 6, 8, kisha zidisha kwa (−1)ⁿ. Ikianza na chanya, tumia (−1)ⁿ⁺¹. Ukisahau ipi ni ipi, weka n = 1, kama kwenye dalili ya kwanza.

Kama namba zenyewe zinarukaruka, mfano 1, 10, 3, 20, 5, 30, kuna mifuatano miwili imesukwa pamoja kama ukili. Zitenge za nafasi witiri (1, 3, 5) na za nafasi shufwa (10, 20, 30). Hapa wengi huandika 10n kwa zile za shufwa, kwa sababu wanazihesabu upya 1, 2, 3. Lakini 20 imekaa nafasi ya 4 ya mfuatano mzima. Kanuni yake ni 5n kwa n shufwa, na n yenyewe kwa n witiri.

Kama zinajirudia kabisa, hesabu mzunguko una urefu gani na utumie baki la kugawanya. Leo ni Jumatatu, baada ya siku 100 itakuwa siku gani? 100 kwa 7 ni 14 na baki 2. Jumatano.

Dalili ya 6: Sehemu zisizoeleweka

1/3, 1/2, 3/5, 2/3, 5/7. Chanzo karibu daima ni kwamba baadhi zimerahisishwa. Zirudishe zilivyokuwa: 1/3, 2/4, 3/5, 4/6, 5/7. Juu ni n, chini ni n + 2. Tafuta kanuni ya juu peke yake na ya chini peke yake, usizitafute pamoja.

Dalili ya 7: Kanuni inakubali namba zote nilizopewa, bado nimekosa

Hii ndiyo inayoumiza, na wanaoipata ni wanafunzi wazuri. Chora duara, weka alama pembeni mwake, unganisha kila alama na kila nyingine kwa mstari ulionyooka, usiruhusu mistari mitatu ikutane pointi moja ndani. Hesabu vipande. Alama 1: kipande 1. Alama 2: vipande 2. Kisha 4, 8, 16. Kila mtu anaandika 2ⁿ⁻¹ na kutangaza kwamba alama 6 zitatoa 32. Chora. Ni 31. Alama 7 zinatoa 57.

Nimewafanyisha wanafunzi zoezi hili kwa chaki sakafuni, na kila mara yupo anayehesabu mara nne akiitafuta ile ya 32. Haipo. Namba tano zilikubali kanuni ambayo haikuwa yake. Sababu ni kwamba hakuna kitu ndani ya duara kinachojirudufu kila unapoongeza alama. Vipande vinaongezeka kwa idadi ya mistari na idadi ya makutano, na hayo hayaendi kwa kuzidisha mbili. Aliyeuliza "kwa nini vijirudufu?" angelikamata kosa kabla ya alama ya sita.

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1772 alieleza habari za kanuni ya aina hii pia, n² − n + 41, ambayo leo huandikwa zaidi n² + n + 41. Weka n = 0, 1, 2, na kuendelea hadi 39, unapata namba tasa kila mara, mara arobaini mfululizo. Weka 40: unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41. Majaribio arobaini yaliyofaulu hayakuizuia ya arobaini na moja.

Ukweli wa ndani ni kwamba namba chache zilizoandikwa haziwezi peke yake kulazimisha inayofuata. Kanuni 2n + (n − 1)(n − 2)(n − 3)(n − 4) inatoa 2, 4, 6, 8, halafu 34. Fanya hesabu uone. Mtihani unapouliza "namba inayofuata", unamaanisha kwa kanuni iliyo nyepesi kuliko zote, na hapo andika 10 bila wasiwasi. Lakini namba zikitoka kwenye kitu halisi, kanuni lazima itoke kwenye kitu hicho. Eleza kwa maneno kwa nini kila hatua inaongeza kile inachoongeza. Ukishindwa kueleza, ulichonacho bado ni kisio.

Wakati wa kusimama na kuita mwenye utaalamu ni huu. Kama namba ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, yaani namba tasa, acha kabisa: hakuna kanuni nyepesi ya nafasi ya n, na siku ngapi utakazokaa nazo hazitabadilisha hilo. Kama umepita kugawanya, kutoa, kuchuja na kutenganisha, na bado hakuna kitu, ipo kamusi elezo ya mtandaoni ya mifuatano ya namba kamili, maarufu kwa herufi OEIS. Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 na imekuwa kwenye intaneti tangu 1996. Andika namba zako sita au saba, itakuletea mifuatano inayofanana na chimbuko la kila mmoja. Soma chimbuko kwanza, ndipo uitazame kanuni. Usipopata, mpelekee mwalimu wako wa hisabati meza yote ya tofauti pamoja na majaribio yaliyoshindwa, usimpelekee swali tupu. Na kama kanuni inakwenda kuamua nondo, matofali au saruji ya jengo, usiagize kwa namba tatu ulizopima mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mkadiriaji majenzi, naye atasoma ramani.

Dalili ya 8: Kanuni ni sahihi, jibu la mwisho si sahihi

Hapa kanuni haina kosa, iache. Kosa liko kwenye kuweka namba ndani yake. Kwa 2 × 3ⁿ, kipeo kwanza, kuzidisha baadaye: nafasi ya 4 ni 2 × 81 = 162, si 6 kwa kipeo cha 4, ambayo ni 1,296. Kwa (n² + n) ÷ 2, usipoweka mabano kwenye kikokotoo cha simu, kitagawanya n ya mwisho tu: kwa n = 10 utapata 105 badala ya 55. Kwa 30 − n², usiandike (30 − n)².

Ukiwa na haraka ndani ya chumba cha mtihani, weka n = 2 na si n = 1. Moja kwa kipeo chochote ni moja, na moja mara moja ni moja, kwa hiyo n = 1 huficha makosa ya vipeo yasionekane. Itumie kwa kosa la kuhama nafasi tu, kisha uthibitishe kwa 2 na kwa namba ya mwisho uliyopewa.